Taa ya nje, wadudu na usalama: historia ya mwangaza wa Goma

Kila jioni katika nyumba nyingi za Goma kuna mabishano madogo. Mmoja anasema taa ya nje izimwe, maana wadudu wanajaa mlangoni na kuangukia ndani ya chakula. Mwingine anasema iachwe, maana giza ni rafiki wa mwizi. Wote wawili wana haki. Lakini tukiangalia namna mwangaza ulivyoingia katika mji huu, tutaona kwamba halazimiki mtu kuchagua kati ya wadudu na wezi.

Wazee wetu walianza na moto wa kuni, halafu taa ya utambi ya mafuta, ile ambayo jirani zetu wa Rwanda wanaiita agatadowa. Mwanga wake ni mdogo na wa manjano. Wadudu walikuja, lakini si kwa wingi.

Walioijua mapema nguvu ya taa ni wavuvi. Sambaza waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na uvuvi wao ni wa usiku. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja, taa inawashwa juu ya maji, na samaki wanakusanyika chini yake hadi wavu upandishwe. Wakati wa mbalamwezi kazi inapungua, kwa sababu mwanga umetawanyika kila mahali. Mvuvi anajua hivi: taa inayong'aa peke yake gizani ndiyo inayovuta.

Halafu ukaja umeme. Mitambo ya mto Ruzizi ilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwa muda mrefu shirika la SNEL lilileta Goma umeme kutoka upande wa Bukavu. Ampule za zamani, zile za waya unaowaka ndani, zilitoa mwanga wa manjano na joto jingi. Zikafuata taa ndefu za neon, nyeupe, na hapo watu wakaona wadudu wamezidi. Katika miaka hii tumepata njia nyingine. Desemba 2015 kituo cha Matebe kilifunguliwa Rutshuru, mradi wa Virunga. Februari 2020 kampuni ya Nuru ilizindua mtambo wake wa jua huko Ndosho, wa megawati 1.3. Pamoja na hayo zikaenea taa za LED, nyingi zikiwa nyeupe sana, kwa sababu mnunuzi anadhani nyeupe ndiyo yenye nguvu.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Macho ya wadudu wengi yanaona vizuri rangi ya buluu, na pia mwanga ambao sisi hatuuoni kabisa. Rangi ya manjano na nyekundu haiwavuti sana. Mwaka 2024 watafiti walionyesha, kwa kamera za kasi kubwa, kwamba mdudu hafuati taa kwa kuipenda. Usiku anaruka akielekeza mgongo kwenye anga, kwa sababu juu ndiko kwenye mwanga. Taa inamchanganya: anaigeuzia mgongo, anazunguka, anashindwa kutoka.

Wategaji wa senene wa Masaka, Uganda, wanaitumia sheria hiyo kwa faida. Wanawasha taa kali nyeupe, wanasimamisha manjanja kuzizunguka, na senene wanateleza hadi ndani ya mapipa. Sisi, kwa mlango wetu, tufanye kinyume chao.

Kwanza, ukinunua taa ya nje, chagua yenye mwanga wa manjano. Kama kwenye kartoni kuna namba, 2700K au chini yake ni nzuri. 6000K na zaidi ni nyeupe ya buluu. Pili, usiifunge juu ya mlango. Ifunge pembeni, kwenye ukuta wa mbali au nguzo ya uzio, ielekee mlango. Mlango utaonekana, lakini wadudu watabaki kule taa iliko. Tatu, iwekee kifuniko juu ili mwanga uende chini tu. Aliye na taa ndogo ya jua anaweza kuizungushia plastiki ya manjano inayopitisha mwanga. Kwa taa ya mafuta usijaribu hata kidogo: plastiki, turubai na moto havikai pamoja.

Jambo moja tusilichanganye. Mbu wa malaria hatafuti taa kwanza. Anatafuta mtu: pumzi yake, harufu yake, joto la mwili wake. Kuzima taa hakumzuii mbu huyo, na taa ya manjano haichukui nafasi ya chandarua. Watoto walale ndani ya chandarua, taa iwake au isiwake.

Ninaandika haya nikifikiri hasa familia zilizohama. Wengi walipita Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala au Rusayo, ambako taa moja ya jua ilikuwa ya kupikia, ya kusomea na ya kumsindikiza mtoto au mama chooni usiku. Januari 2025, vita vilipofika mjini, umeme na maji vilikatika, na kila mtu alikumbuka giza ni nini. Leo wengine wanaishi kwa ndugu, wengine wamerudi vijijini na kukuta nyumba bila mlango wala taa.

Kwao, kuzima taa kwa sababu ya wadudu ni hasara kubwa. Mama anayetoka usiku anahitaji kuona njia. Taa yenu iwe ya manjano, ikae mbali kidogo na mlango, na iendelee kuwaka.