Subaru ya kazini, Subaru ya sakiti: Shokapu, springi na bushi zinavyotunzwa na kuboreshwa

Jumamosi gari linazunguka sakiti, tairi zinalia. Jumatatu asubuhi gari lilelile liko kwenye foleni, linapanda matuta na kukwepa mashimo likielekea kazini. Ndivyo wanavyoishi wamiliki wengi wa Subaru Impreza Afrika Mashariki, hasa Kenya, ambako gari hili lina mashabiki wa kufa mtu.

Wengi huanza na injini: turbo kubwa, ekzosi ya kelele, programu mpya ya kompyuta. Nguvu zikiongezeka, kona inafika mapema zaidi na chini ya gari bado kuna bushi za miaka 15 na shokapu zilizochoka. Hapo ndipo dereva anapojikuta kwenye majani, na kwenye barabara ya umma majani hayo huwa ni mtaro au lori linalokuja.

Mapenzi haya yana historia. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000. Ila yale yalikuwa magari ya kiwanda ya mashindano, yenye shokapu ndefu za kumeza mawe na makorongo. Gari la kununua mtaani ni kitu kingine.

Maelezo haya yanahusu zaidi Impreza WRX na STI za kizazi cha pili, zilizouzwa kati ya mwaka 2000 na 2007. Mengi yanafaa pia kwa magari mengine ya aina hiyo.

Chini ya gari kuna nini?

Mbele na nyuma, gari hili linatumia mfumo wa MacPherson: shokapu na springi zimeunganishwa kuwa nguzo moja, juu imefungwa kwenye bodi, chini kwenye kitovu cha gurudumu. Ni mfumo rahisi, imara, na fundi yeyote mzoefu anaujua. Kizazi kilichofuata kilibadilisha mfumo wa nyuma.

Udhaifu wake unaonekana kwenye kona. Gari likilala upande mmoja, tairi ya nje nayo inalala na kukanyagia ukingo wake wa nje. Ongeza hapo kwamba injini ya Subaru, japo imekaa chini vizuri, imetangulia mbele ya ekseli ya mbele. Matokeo yake gari la kawaida likiingia kona kwa kasi husukuma kwenda mbele badala ya kukata. Karibu kila kitu ambacho watu hukifanya chini ya Impreza ya sakiti, wanakifanya kupambana na mambo hayo mawili.

Kazi ya springi ni kubeba uzito. Kazi ya shokapu ni kuizuia springi isiendelee kucheza, na hufanya hivyo kwa kulazimisha oili ipite kwenye matundu madogo. Nguvu ya mcheza inageuka kuwa joto. Ndiyo maana shokapu iliyochoka inaweza kuonekana nzima mtaani, halafu baada ya mizunguko minne au mitano ya sakiti gari linaanza kuelea kama mashua.

Kwanza kilichochakaa

Kabla ya kununua chochote cha kupendeza, gari linapandishwa na kukaguliwa. Hatua hii haina picha nzuri ya kuweka Instagram, lakini ndiyo inayookoa maisha.

Shokapu yenye unyevunyevu kidogo juu yake bado inaweza kuwa salama. Yenye oili inayotiririka imekwisha. Kile kipimo cha kubonyeza gari kwa mikono na kuhesabu linavyocheza kinakamata shokapu iliyokufa kabisa tu, iliyo nusu mfu inapita. Dalili bora iko kwenye tairi: ukipitisha kiganja na kukuta mabonde na vilima kwenye ngozi yake, gurudumu limekuwa likidundadunda barabarani.

STI za kipindi hiki zina shokapu zilizogeuzwa juu chini. Ni nene na hazipindi kirahisi, ila grisi ya ndani ikiisha huanza kugonga "ko ko" kwenye mashimo madogo. Watu wengi wamebadilisha stabilaiza linki mara mbili, mara tatu, wakitafuta kelele ambayo ilikuwa ndani ya shokapu.

Kisha bolijointi. Gurudumu likiwa hewani, fundi hushika tairi juu na chini na kulitikisa, huku mwenzake akitazama na tochi. Mcheza wa juu na chini unaelekeza kwenye bolijointi au beringi, na mcheza wa kushoto na kulia unaelekeza kwenye tairodi. Gari lenye mcheza wowote wa namna hii haliendi sakiti. Bolijointi ikichomoka, gurudumu linalala na usukani unakuwa pambo.

Beringi za magurudumu nazo ni za kuangaliwa, hasa za nyuma. Mvumo unaopanda na mwendo na kubadilika gari linapoyumbishwa kushoto na kulia mara nyingi ni beringi, siyo tairi.

Kosa la bushi ambalo gereji nyingi hufanya

Bushi ya mpira imegandishwa ndani ya bomba lake la chuma. Haizunguki. Ami ikipanda na kushuka, mpira unajinyonga na kujirudisha.

Sasa unakuta fundi ameinua gari, magurudumu yananing'inia, amefunga bushi mpya na kuzikaza mpaka mwisho palepale hewani. Gari likishushwa, mpira unaanza maisha ukiwa tayari umenyongwa. Baada ya miezi michache umechanika, na mwenye gari analaumu duka la spea.

Njia sahihi ni kufunga bolti kwa mkono, kushusha gari likae kwa uzito wake, au kupandisha ami kwa jeki hadi urefu wa kawaida, halafu ndipo kukaza kwa spana ya kupimia kulingana na kitabu cha gari. Ni dakika 20 za ziada. Anayelipa fundi ana haki ya kusimama pale na kuziomba.

Vipi zile bushi ngumu za polyurethane zenye rangi? Mbele kwenye ami ya chini zinasaidia, usukani unajibu haraka. Zinahitaji grisi maalumu, la sivyo zitalia kama kitanda cha chuma. Kwenye zile fito za nyuma zinazokwenda kwa urefu wa gari, mambo ni tofauti, kwa sababu fito hizo hucheza pande kadhaa kwa wakati mmoja na bushi ngumu inaweza kuzibana. Kwa gari linaloenda kazini kila siku, mpira mpya wa kiwandani unatosha kabisa hapo.

Kukata springi

Jibu fupi: hapana.

Springi iliyokatwa inakuwa fupi na ngumu kidogo, lakini shokapu ni ileile ndefu. Nafasi ya kushuka inapungua, shokapu inagota kwenye kizuizi chake, na wakati wa kugota tairi inapoteza mshiko ghafla, mara nyingi katikati ya kona. Gari likirushwa na tuta, springi iliyolegea inaweza kutoka kwenye kikalio chake.

Upande wa pili kuna wanaoweka vipande vya kunyanyulia gari kwa sababu ya matuta ya mtaani. Inaeleweka, matuta mengine ni kama ukuta. Ila vipande hivyo vinapandisha uzito juu na kuharibu pembe za magurudumu. Siku ya sakiti ni afadhali vitoke, na alaimenti ifanywe upya.

Koilova: chini kiasi gani?

Koilova ni shokapu na springi za kuja pamoja, zenye nyuzi za kupandisha na kushusha gari. Nyingi zina kitasa cha kurekebisha ugumu kwa kubofya hatua kwa hatua. Ni nzuri zikiwa za kampuni inayouza vipuri vyake vya kufanyia matengenezo. Za bei ya kutupa huvuja mapema na hakuna wa kuzifungua.

Kosa kubwa ni kushusha gari kupita kiasi. Kwenye mfumo wa MacPherson, ami ya chini ikianza kuelekea juu kutoka kwenye bodi kwenda kwenye gurudumu, kile kitovu ambacho gari linalalia kwenye kona kinashuka haraka kuliko uzito wenyewe unavyoshuka. Gari liko chini, linapendeza, na linalala zaidi kuliko mwanzo. Kushusha milimita 20 hadi 30 kunatosha. Ami ikiwa imelala sambamba na ardhi, huo ndio mwisho.

Kwa bajeti ndogo, shokapu mpya za kiwango cha kiwandani na springi nzuri zinazolingana nazo zitashinda koilova ya bei rahisi, hasa kwa barabara zetu. KYB, kwa mfano, ilitengeneza shokapu za Impreza kutoka kiwandani. Shida ni bandia. Iwe Kirinyaga Road Nairobi au Kariakoo Dar es Salaam, spea halisi na feki zinaweza kukaa rafu moja, kwa hiyo risiti na namba ya kipuri ni muhimu. Shokapu za mtumba kutoka Japani hazina uhakika: hakuna anayejua zilitembea kilomita ngapi.

Stabilaiza ya nyuma, pesa ndogo faida kubwa

Stabilaiza ni fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana. Ugumu wake unakua haraka mno kadiri inavyonenepa, kwa nguvu ya nne ya kipenyo. Fimbo ya milimita 22 ni ngumu kuliko ya milimita 20 kwa karibu asilimia 46, japo kwa macho tofauti haionekani.

Kwenye Impreza, kuongeza unene nyuma kunapunguza ile tabia ya kusukuma mbele. Gari linaanza kugeuka. Lakini fimbo nene inavuta vishikizo vyake kwa nguvu zaidi, na vya kiwandani vinaweza kupinda au kupasuka, hivyo vishikizo imara hununuliwa pamoja nayo. Na ikizidi unene, mkia utatoka kwenye mvua. Dereva wa kila siku asiende mbali na saizi ya asili.

Alaimenti

Hapa ndipo panapoleta tofauti kubwa kwa pesa kidogo. Mbele, bolti ya juu kati ya zile mbili zinazoshika shokapu kwenye kitovu imetengenezwa ili kurekebisha kemba, yaani tairi kuinamia ndani kwa juu. Gari la mtaani huwa karibu na sifuri. Kwa sakiti, digrii 2 hadi 2.5 za kuinamia ndani mbele, na kama 1.5 nyuma, ni mwanzo mzuri. Tou, yaani uelekeo wa tairi kutazamana au kuachana, ibaki karibu sifuri mbele. Kemba inasingiziwa sana kumaliza tairi, lakini tou mbaya ndiyo inayozila haraka zaidi.

Utaratibu una maana yake. Upepo wa tairi kwanza, kisha urefu wa gari, kisha kemba, tou mwisho, kwa sababu kila kimoja kinakibadilisha kinachofuata. Mafundi makini huweka hata uzito wa dereva kwenye kiti kabla ya kupima.

Siku yenyewe

Upepo hupimwa tairi zikiwa za baridi na tena mara tu gari linapotoka sakiti, kwani unaweza kupanda kwa PSI 5 au zaidi. Ukingo wa nje wa tairi ya mbele ukiliwa kuliko katikati, kemba bado ndogo au upepo haupo sawa.

Koilova ianze katikati ya hatua zake. Kitu kimoja kinabadilishwa kwa wakati mmoja, hatua mbili, kisha mizunguko kadhaa, kisha inaandikwa. Anayebadilisha vitatu kwa mpigo hatajua kipi kilisaidia.

Bima nayo isisahaulike. Sera nyingi za magari haziwalipi wanaoharibu gari kwenye mashindano au majaribio ya mwendo, kwa hiyo ni vyema kuisoma kabla, siyo baada.

Kabla ya kurudi nyumbani

Safari ya kurudi ndiyo inayosahaulika, na gari limetoka kuteswa. Nati za magurudumu zinakazwa upya kwa spana ya kupimia zikiwa zimepoa. Bolti za chini ya gari zikipigwa mstari wa rangi siku zilipokazwa, iliyosogea inaonekana kwa tochi tu, bila kugusa spana. Ya kemba ndiyo ya kutazama zaidi, maana ikiteleza usukani unaanza kuvuta upande mmoja.

Wa Mombasa, Dar na Zanzibar wana kazi moja zaidi. Chumvi ya hewani inagandisha nyuzi za koilova mpaka hazizunguki tena. Zioshwe kwa maji safi na brashi laini, zikaushwe, zipakwe kilainishi kikavu kisichoshika vumbi, na nati zake zizungushwe kidogo kila baada ya miezi michache hata kama urefu wa gari haubadilishwi. Idadi ya mizunguko iandikwe kabla ya kugusa, ili zirudi zilipokuwa.