Draiva ziko wapi? Historia ndogo ya kurudi nyuma, kutoka Vista mpaka XP, hapa Kisangani



Wiki iliyopita mdogo wetu mmoja, bado yuko masomoni, alikuja kwangu jioni na mashini yake chini ya koti. Alikuwa ametoa Windows 11, akarudisha Windows 10. "Yaya, sasa inakimbia muzuri, lakini Wi-Fi imekufa. Na ile padi ya kidole nayo haisikii." Nilicheka kidogo. Kisha niliacha, kwa sababu niliona sura yangu mwenyewe ya mwaka 2009.

Wakati ule nilikuwa nasoma na kusaidia kazi katika sekretariati moja, chumba kidogo chenye kompyuta mbili, printa moja, fotokopi moja, na jenereta nje. Kila mwaka, miezi ya kudeposa memwari ilipofika, wafinalisti walipanga mstari mpaka barabarani. Yaya mmoja wa udaktari alichoka kupanga mstari, akanunua laptopu ya okazyo iliyotoka Kampala: Kasindi, Beni, Mambasa, Nia-Nia, Bafwasende, ndiyo ikafika Kisangani nyuma ya lori, kati ya magunia. Ilikuwa na Windows Vista na RAM ya gigabaiti 1. Kuwaka tu, unaweza kuchemsha maji ya chai.

Watu wote wakamwambia dawa moja: weka XP. Mimi nilikuwa na CD ya XP, na nilikuwa na kiburi cha mtu mwenye CD. Alibakiza siku tano za kudeposa. Takwimu zake za malaria zilikuwa kwenye flashi, kwa bahati nzuri. Nikasema, "Yaya, niachie, kesho asubuhi iko tayari."

Kesho asubuhi haikuwa tayari. Kwanza CD yenyewe iligoma, skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B. Sababu yake niliielewa baadaye sana. XP ilitoka Oktoba 2001. Njia mpya ya kuongea na diski, inayoitwa AHCI, iliandikwa 2004. Basi CD ya 2001 ilikuwa inatafuta diski kwa lugha ya zamani, na diski ilikuwa imejifunza lugha nyingine. Microsoft walikuwa wameacha mlango mmoja: unabonyeza F6 mwanzoni, unaingiza draiva kwa disketi. Disketi! Laptopu za 2007 hazikuwa na tundu la disketi. Mtu mmoja wa siberi ndiye alinionyesha kuingia kwenye BIOS na kubadilisha AHCI kuwa IDE, na XP ikakubali.

Ilipowaka, picha ilikuwa kubwa kama ya runinga ya mtoto, nukta 640 kwa 480. Majedwali ya yaya hayakuingia kwenye skrini. Sauti hakuna, Wi-Fi hakuna, hata tundu la waya wa mtandao hakuna. Kwenye orodha ya vifaa, alama za mshangao za manjano saba. Nilizihesabu mara mbili. Yaya alipofika akaangalia, akaniuliza polepole, "Nilikuambia uipunguze, ao nilikuambia uiongeze mwendo?" Sikuwa na jibu.

Hapa niwaeleze draiva ni nini, kwa wale ambao simu zao zimewazoesha kila kitu kufanya kazi chenyewe. Kwetu mwenye kuendesha lori ni shofere, kwa hiyo neno draiva lilikuwa huru, tukalipatia kompyuta. Wengine wanasema piloti, kwa kufuata Kifaransa. Ni programu ndogo inayokaa kati ya mfumo na kifaa. Mfumo unasema "andika herufi A", draiva inageuza amri hiyo kuwa ishara ambazo printa ile, ya aina ile, inazielewa. Ukibadilisha mfumo, mkalimani wa zamani hana kazi tena, hata kama kifaa ni kizima kabisa.

Zamani za MS-DOS mambo yalikuwa mabaya kuliko hapo. Kila programu ilikuja na wakalimani wake. WordPerfect ilikuwa na draiva zake za printa, na programu nyingine nazo zilikuwa na zake. Windows ilipokuja ikasema: draiva moja kwa kifaa kimoja, programu zote zitumie hiyo. Windows 95, Agosti 1995, ikaongeza uwezo wa kutambua kifaa chenyewe unapokichomeka. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini ilimaanisha kwamba mwenye ufunguo ni aliyetengeneza kifaa, na kama hataki kuandika draiva ya mfumo wako, umekwisha.

Kuna mtu aliyeliona tatizo hilo mapema sana. Karibu mwaka 1980, Richard Stallman alikuwa katika maabara ya akili bandia ya MIT, Marekani. Walipewa printa mpya ya leza ya Xerox. Kwenye printa ya zamani alikuwa amebadilisha programu yake ili iwaambie watu karatasi inapokwama. Hii mpya ilikuja bila maandishi ya programu, kwa hiyo hakuweza kuirekebisha. Alipomfuata mtu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliyekuwa nayo, alikataliwa, maana yule alikuwa amesaini kutoitoa. Mwaka 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU. Yaani sehemu kubwa ya historia ya programu huria imeanza na mtu aliyekasirikia printa. Mimi nikisikia hivyo namwelewa mara moja, nimefanya kazi sekretariati.

Turudi Vista. Iliingia madukani tarehe 30 Januari 2007. Microsoft walikuwa wamebadilisha namna draiva za picha na za sauti zinavyotengenezwa, na kwenye mashini za biti 64 wakadai draiva iwe na saini. Watengenezaji wengi hawakuwa tayari. Kesi moja huko Marekani ilitoa hadharani, mwaka 2008, hesabu za Microsoft wenyewe: karibu 29 kwa mia ya kuanguka kwa Vista kulikoandikwa mwaka 2007 kulitokana na draiva za Nvidia. Watu wakaanza kurudi XP kwa wingi. Microsoft wenyewe waliruhusu: ukinunua Vista Business au Ultimate una haki ya kutumia XP Professional.

Lakini haki si draiva. Kufikia hapo watengenezaji wengi wa laptopu walikuwa wameacha kuandika draiva za XP kwa modeli mpya. Ukienda kwenye ukurasa wa modeli yako unakuta Vista tu. Mbele wamefunga, nyuma wamefunga. Mtu wa Ulaya mwenye intaneti nzuri alilalamika akatafuta kwingine. Kisangani sisi tulikuwa na tatizo la pili juu ya la kwanza.

Tuko katikati ya msitu. Kwenda Kinshasa kwa mto ni kilomita karibu 1,700, na mto wenyewe ulikuwa umefungwa na vita kuanzia 1998 mpaka mwanzo wa miaka ya 2000. Intaneti ya mji ilishuka kutoka angani kwa sahani za setilaiti, siberi nzima ikigawana mfereji mmoja mwembamba. Fanyeni hesabu: kiloibiti 64 kwa sekunde, ukiwa nayo peke yako, faili ya megabaiti 60 inachukua zaidi ya saa mbili. Na hukuwa peke yako. Mwenzako wa kulia alikuwa anasoma barua za ndugu wa Ubelgiji, wa kushoto anatafuta shule Afrika Kusini. Umeme ukikatika kwenye dakika ya mia na kumi, unaanza tena, unalipa tena. Na mashini yenyewe inayohitaji draiva haiwezi kwenda siberi kujitafutia, kwa sababu draiva inayokosekana ndiyo ya mtandao.

Kilichoniokoa ni namba. Mtu yule wa siberi, ambaye mpaka leo namwita mwalimu ingawa hakunifundisha darasani, aliniambia niache kutafuta kwa jina la laptopu. Bonyeza ile alama ya manjano, ingia kwenye maelezo, utaona VEN na DEV. Tangu mfumo wa PCI uanze mwaka 1992, kila chipu inabeba namba ya mtengenezaji wake na namba yake yenyewe. Intel ni 8086, wamejipa jina la prosesa yao ya 1978. Nvidia ni 10DE. Realtek ni 10EC. Namba haibadiliki hata kama mwenye kiwanda cha laptopu amebandika jina lolote juu ya kifuniko. Nikaandika namba saba kwenye karatasi nyuma ya fakture ya wino, nikaenda siberi kwa miguu.

Nilianza na mtandao wa waya, maana ni faili ndogo ya Realtek. Hiyo ilipokubali, nilikuwa na mlango. Ya picha ilikuwa ngumu zaidi: Intel walikuwa na draiva ya XP kwa chipu ileile, lakini kisakinishi chake kilikataa, kikisema haikuthibitishwa kwa kompyuta hii, nenda kwa aliyeitengeneza. Aliyeitengeneza alikuwa ananiambia Vista tu! Mwalimu akacheka. Akanionyesha kuchukua faili ya zip badala ya kisakinishi, kuifungua, na kuielekeza mashini kwa mkono kwenye faili ya INF. Skrini ikazima sekunde mbili. Ilipowaka, majedwali ya yaya yaliingia yote, mpaka mstari wa mwisho.

Ilikuwa siku ya nne, saa tatu usiku. Alifanya kazi usiku ule na mchana uliofuata, akadeposa saa kumi jioni ya siku ya mwisho. Hakunishukuru siku hiyo, na alikuwa na haki. Alinishukuru baada ya kutetea.

Sauti ilikuja wiki tatu baadaye, maana XP ilitaka kwanza faili moja ya Microsoft, KB888111, kabla haijakubali draiva yenyewe ya sauti. Wi-Fi haikuja kamwe. Mwaka 2009 hakuna aliyeililia, Wi-Fi yenyewe ingekamata nini?

Baadaye mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anaenda Kampala alituletea DVD iliyojaa draiva za XP, mkusanyiko wa watu wa kujitolea uliokuwa unaitwa DriverPacks. Tuliikopi mpaka ikakwaruzika. Sekretariati nyingine zikaja kuiomba, wengine walilipa, wengine walileta chupa ya mafuta ya jenereta. Nikitazama nyuma naona ile DVD ilikuwa maktaba ya kweli, na hakuna aliyeiandika mahali popote. Tunaandika historia ya magavana na ya vita, na lazima tuandike, lakini memwari nyingi za mji huu za miaka ile zimepita kwenye mashini zilizosimama kwa DVD ya namna hiyo.

Msidhani mambo hayo yamekwisha. Mwaka 2019 Intel waliondoa kwenye ukurasa wao draiva na BIOS nyingi za vifaa vya zamani. Aliyekuwa hana kopi alibaki kutegemea watu waliozihifadhi, kama Internet Archive. Na leo, kwenye laptopu zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, ukiweka Windows 10 unaweza kuambiwa hakuna diski kabisa, kwa sababu ya mpango mpya unaoitwa VMD. Unatafuta draiva yake kwa flashi, au unauzima kwenye BIOS. Ni ile skrini yangu ya bluu ya 2009, imevaa nguo nyingine.

Kwa hiyo nilimwuliza mdogo wetu swali moja: kabla ya kufuta Windows 11, ulikopi draiva zake? Hakujua kama inawezekana. Inawezekana, na ni mstari mmoja tu. Unafungua dirisha la amri kama msimamizi, unatengeneza folda kwenye flashi, unaandika pnputil /export-driver * E:\draiva, ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E. Draiva nyingi za 11 zinakubaliwa na 10. Wakati wa XP tulihitaji programu za pembeni kwa kazi hiyo, na sikuzijua mpaka nilipokuwa nimekwisha kuharibu.

Yeye alikuwa amekwisha kufuta. Tukafanya njia ya karatasi: VEN_8086, nikamwambia hata bila kuangalia kwamba ni Intel, akaniona mchawi. Faili niliishusha kwa simu yangu, dakika nne. Wi-Fi ikawaka, padi ya kidole nayo. Kimebaki kifaa kimoja chenye alama ya manjano, kisoma alama za vidole. Amesema ataandika neno la siri kwa mkono mpaka atakapotetea.