Ulibertari na kibarua cha kuwashawishi wengine

MNAMO mwaka 1945, Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipokuwa vikielekea ukingoni, rubani mmoja wa jeshi la angani la Uingereza kwa jina Antony Fisher alibisha hodi katika ofisi ya Friedrich Hayek, profesa wa uchumi katika chuo cha London School of Economics.

Fisher alikuwa amesoma muhtasari wa kitabu cha Hayek, The Road to Serfdom, uliochapishwa na jarida la Reader's Digest mwezi Aprili mwaka huo. Hoja kuu ya kitabu hicho ilikuwa kwamba serikali inapotwaa mamlaka ya kupanga uchumi wote, hata kwa nia njema, huishia kuutwaa pia uhuru wa raia.

Rubani huyo, aliyempoteza nduguye vitani mwaka 1940, alitaka kujua angefanya nini ili kuisaidia nchi yake isifuate njia hiyo. Mwenyewe aliwazia kuwania ubunge. Hayek alimkataza. Alimweleza kwamba wanasiasa huufuata upepo wa maoni ya umma, wala si wao wanaouvumisha. Anayetaka kubadilisha siasa sharti awafikie kwanza walimu, waandishi na wanahabari, kwa kuwa hao ndio huwagawia watu mawazo.

Ushauri huo ulizaa mojawapo ya kampeni ndefu zaidi za ushawishi wa kisiasa katika karne ya 20. Aidha, unazua swali ambalo wafuasi wa itikadi hiyo wamelijadili hadi leo: mtu huvutwaje kuukubali uhuru ambao hakuuomba?

Itikadi yenyewe

Ulibertari ni itikadi ya kisiasa inayoutanguliza uhuru wa mtu binafsi mbele ya mambo mengine yote. Walibertari hushikilia kwamba kila mtu ni mmiliki wa nafsi yake na wa jasho lake, na kwamba si halali kwa jirani wala serikali kumlazimisha kwa nguvu maadamu hajamdhuru mwenzake.

Kutokana na imani hiyo, hutaka kodi ziwe ndogo, biashara iwe huria, na serikali isijiingize katika dini, ndoa wala mazungumzo ya raia. Wengi wao hukubali kuwepo kwa polisi, mahakama na jeshi la kulinda mipaka. Wachache hawaitaki serikali kabisa.

Msimamo huo huwatatiza wanaozoea kuigawa siasa katika mirengo miwili ya kulia na kushoto. Mlibertari huafikiana na wahafidhina kuhusu kodi, kisha akaafikiana na wapinzani wao kuhusu uhuru wa kusema na wa kuishi apendavyo. Mizizi ya fikra hizo huonekana katika maandishi ya John Locke wa karne ya 17 na ya Adam Smith, ambaye kitabu chake kuhusu utajiri wa mataifa kilitoka mwaka 1776.

Hapo ndipo penye fumbo. Itikadi inayopinga matumizi ya nguvu haiwezi kuenezwa kwa nguvu bila kujikana yenyewe. Silaha inayoisalia ni maneno. Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni, lakini hawakueleza ni maneno yapi, wala huchukua muda gani.

Somo la mkate

Mfano wa awali wa ushawishi wa aina hii ulitokea Uingereza hata kabla ya jina la ulibertari kuanza kutumiwa kwa maana yake ya sasa. Kuanzia mwaka 1815, sheria za nafaka zilizuia ngano ya bei nafuu kutoka ng'ambo. Mabwanyenye wenye mashamba, ambao ndio waliolidhibiti bunge, walinufaika. Vibarua wa viwandani walinunua mkate kwa bei ghali.

Mwaka 1838 wafanyabiashara wa jiji la Manchester walianzisha kampeni ya kuzipinga sheria hizo, wakiongozwa na Richard Cobden na baadaye John Bright. Hawakuwahubiria watu nadharia. Waliwazungumzia mkate. Huduma ya posta ya bei nafuu ilipoanza mwaka 1840, vijikaratasi vyao vilisambazwa kwa wingi kote nchini.

Waziri Mkuu Robert Peel aliongoza chama cha mabwanyenye wale wale. Hata hivyo, mwaka 1846, huku njaa ikiitafuna Ireland, alibadili msimamo na kuzifuta sheria hizo. Chama chake kiligawanyika naye akapoteza wadhifa. Katika hotuba yake ya kuondoka, alimtaja Cobden kuwa ndiye aliyestahili sifa za mabadiliko hayo.

Njia ya kalamu

Zaidi ya karne moja baadaye, Fisher alilazimika kutafuta fedha kwanza. Alizipata kwa kuku. Katika ziara yake nchini Marekani mwaka 1952 alijionea jinsi kuku walivyofugwa kwa maelfu katika mabanda makubwa, akaipeleka mbinu hiyo Uingereza na kuanzisha kampuni ya Buxted. Nyama iliyokuwa kitoweo cha wenye nacho ikaanza kupatikana kwa watu wa kawaida.

Mwaka 1955 alishiriki kuanzisha taasisi ya Institute of Economic Affairs jijini London. Ralph Harris na Arthur Seldon, wote wawili watoto wa familia za vibarua, waliiongoza kwa miongo kadhaa. Hawakufadhili mgombea yeyote. Kazi yao ilikuwa kuchapisha vitabu vidogo vinavyosomeka na kuvipeleka kwa walimu, wanafunzi na wahariri.

Kwa miaka mingi walionekana kama watu wanaopiga mbiu jangwani. Lakini uchumi wa Uingereza ulipoyumba katika miaka ya 1970, hoja zao zilikuwa tayari zimekwisha kuandikwa. Margaret Thatcher alipoingia mamlakani mwaka 1979, ilikuwa imepita miaka 24 tangu taasisi hiyo ianzishwe.

Nchini Marekani, Leonard Read alianzisha shirika la Foundation for Economic Education mwaka 1946. Makala yake mashuhuri ya mwaka 1958 huisimulia historia ya penseli. Penseli yenyewe ndiyo inayozungumza, ikieleza kwamba hakuna mtu hata mmoja duniani ajuaye kuitengeneza peke yake. Mkata miti, mchimba madini na baharia hushirikiana bila kujuana na bila kuamriwa na yeyote.

Read alishikilia kwamba haifai kumfukuza mtu kwa hoja. Kwa maoni yake, wajibu wa mpenda uhuru ni kujielimisha hadi wengine waje wenyewe kuuliza.

Njia ya debe

Si wote waliokuwa na subira hiyo. Mnamo Desemba 1971, kundi lililoongozwa na David Nolan lilianzisha chama cha Libertarian katika jimbo la Colorado. Katika uchaguzi wa urais wa mwaka 1972 mgombea wake, John Hospers, alipata kura 3,674 pekee. Mwaka 2016 Gary Johnson alipata karibu milioni 4.5, zaidi kidogo ya asilimia tatu. Chama hicho hakijawahi kukaribia kuingia Ikulu.

Hata hivyo, Nolan aliacha chombo kilichodumu. Alichora ramani ya siasa yenye pande mbili: uhuru wa kiuchumi na uhuru wa kibinafsi. Mwaka 1985 Marshall Fritz alianzisha shirika la Advocates for Self-Government, ambalo lilitumia ramani hiyo kutunga chemshabongo ya maswali 10. Anayejibu hujionea mwenyewe mahali anapoangukia.

Siri ya mbinu hiyo ni kwamba inaanza kwa kuuliza badala ya kukemea. Mtu aliyeulizwa maoni yake husikiliza zaidi kuliko aliyeambiwa kwamba amepotoka.

Askari wa hiari

Ushindi ulio wazi zaidi wa njia ya hoja ulihusu jeshi. Wakati wa vita vya Vietnam, vijana wa Marekani waliandikishwa jeshini kwa lazima. Mwaka 1969 Rais Richard Nixon aliteua tume ya watu 15 kuchunguza suala hilo. Miongoni mwao alikuwemo mwanauchumi Milton Friedman, mtetezi shupavu wa soko huria.

Friedman alisimulia baadaye jinsi Jenerali William Westmoreland alivyoiambia tume hiyo kwamba hangependa kuongoza jeshi la mamluki. Friedman akamuuliza iwapo angependelea kuongoza jeshi la watumwa. Mwaka 1970 tume ilipendekeza jeshi la hiari, na mwaka 1973 uandikishaji wa lazima ukakomeshwa.

Hoja hiyo ilifaulu kwa sababu iligusa maisha ya kijana aliyekuwa akisubiri barua ya kuitwa vitani. Isitoshe, iliwaunganisha watu waliotofautiana katika mambo mengine mengi.

Pale ushawishi ulipokosekana

Friedman huyo huyo ndiye anayehusishwa na doa kubwa la itikadi hii. Mwezi Machi 1975 alizuru Chile na kukutana na Jenerali Augusto Pinochet, aliyekuwa ametwaa mamlaka kwa mtutu wa bunduki mwaka 1973. Wanauchumi wa Chile waliosomea Chuo Kikuu cha Chicago waliutekeleza mpango wa soko huria huku vyama vikiwa vimepigwa marufuku. Zaidi ya watu 3,000 waliuawa au kutoweka chini ya utawala huo, kwa mujibu wa ripoti za tume rasmi.

Friedman alijitetea kwamba alitoa ushauri wa kiuchumi tu, na kwamba uhuru wa soko ungefungua mlango wa uhuru wa kisiasa. Demokrasia ilirejea mwaka 1990. Hata hivyo, kwa wananchi wengi wa Amerika ya Kusini, neno soko huria lilibaki na harufu ya baruti.

Lipo pia shinikizo lisilomwaga damu, nalo ni la mkopeshaji. Kenya inalifahamu vyema. Kwa miongo mingi serikali ilipanga bei za bidhaa kama vile unga na sukari, na mkulima alihitaji kibali ili kusafirisha mahindi yake kutoka wilaya moja hadi nyingine. Wafadhili walisitisha misaada mwishoni mwa mwaka 1991 wakidai mageuzi ya kisiasa na ya kiuchumi. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, vidhibiti hivyo vilikuwa vimeondolewa.

Mlibertari angeyafurahia mabadiliko hayo, lakini ni Wakenya wachache waliowahi kuelezwa sababu zake. Waliyapokea kama masharti ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), yaliyoandamana na karo za juu na watu kupoteza ajira.

Haikushangaza basi kwamba chakula kilipopanda bei, kilio cha kutaka serikali ipange bei kilirejea. Mwaka 2011 Rais Mwai Kibaki, ambaye mwenyewe alisomea uchumi katika chuo kile kile Fisher alikokutana na Hayek, alitia saini sheria ya kudhibiti bei za bidhaa muhimu. Mwaka 2017 serikali ilitoa ruzuku ili pakiti ya kilo mbili ya unga iuzwe kwa Sh90, na mwaka 2022 kwa Sh100.

Wapo waliojaribu kuujaza pengo hilo la maelezo. James Shikwati alianzisha shirika la Inter Region Economic Network jijini Nairobi mwaka 2001 ili kuzitetea fikra za soko huria kwa sauti ya Kiafrika. Alijulikana kimataifa mwaka 2005 alipoliambia jarida la Ujerumani la Der Spiegel kwamba misaada inaiumiza Afrika na inafaa kukomeshwa.

Msumeno wa Argentina

Mfano wa karibuni zaidi unatoka Argentina. Javier Milei, mwanauchumi aliyepata umaarufu kwa kufoka kwenye televisheni, alifanya kampeni akibeba msumeno wa mashine kama ishara ya kukata matumizi ya serikali. Alichaguliwa kuwa rais Novemba 2023 kwa karibu asilimia 56 ya kura. Mfumko wa bei mwaka huo ulipita asilimia 200.

Wapo wanaosema kwamba Milei amethibitisha kuwa hasira hushawishi upesi kuliko kalamu. Wengine hujibu kwamba kilichowashawishi wapiga kura ni pesa zilizopoteza thamani mifukoni mwao, na kwamba mwenye kuvutwa na hasira huweza pia kuondoka kwa hasira.

Pingamizi ambalo walibertari hawajalishinda ni lile la kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Taasisi zao nyingi zimefadhiliwa na matajiri. Taasisi ya Cato ya Marekani, kwa mfano, ilianzishwa katika miaka ya 1970 kwa fedha za mwenye viwanda Charles Koch. Maskini anayeambiwa kwamba ruzuku ya unga inamdhuru ana haki ya kuuliza ni nani anayesema hivyo, na amekula nini.

Cobden alilijibu swali hilo kwa kuanza na mkate wa kibarua. Fisher naye alishushia watu bei ya kuku kabla ya kuwauzia fikra. Alitunukiwa cheo cha heshima na Malkia wa Uingereza katikati ya mwaka 1988, akafariki wiki chache baadaye. Miaka 43 ilikuwa imepita tangu siku alipobisha hodi, na hakuwahi kuwa mbunge.