Visomaji vya skrini kubwa na programu za kusomea kwenye tableti

Kisomaji cha skrini kubwa ni kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki kinachotumia wino wa kielektroniki na chenye skrini ya inchi 9.7 hadi 13.3, ikipimwa pembe hadi pembe. Programu ya kusomea ni ile inayowekwa kwenye tableti, kifaa kinachoitwa kishikwambi nchini Tanzania, ili ifungue vitabu na faili za aina mbalimbali. Makala hii inavilinganisha viwili hivyo kwa kuangalia mahitaji ya msomaji wa Masereka, katika nyanda za juu za Lubero, Kivu Kaskazini nchini Kongo, na wa miji jirani ya Butembo na Beni. Huko, mwalimu, muuguzi au mwanafunzi husoma zaidi faili za PDF za Kifaransa kuliko vitabu vya kununua mtandaoni.

Historia

Kampuni ya E Ink ilianzishwa mwaka 1997 na watu waliotoka katika chuo cha MIT, Marekani. Kisomaji cha kwanza kuuzwa kwa teknolojia yake kilikuwa LIBRIé cha Sony, kilichotoka Japani mwaka 2004. Kindle ya Amazon ilifuata Novemba 2007, ikiwa na skrini ya inchi 6. Mwaka 2009 Amazon ilitoa Kindle DX ya inchi 9.7 kwa dola 489, ikiwalenga wanafunzi wa vyuo vikuu. Mwaka huohuo, shirika la wasioona la Marekani liliishtaki Arizona State University, mojawapo ya vyuo vilivyokijaribu kifaa hicho, kwa sababu asiyeona hakuweza kukiendesha: kiliweza kusoma kitabu kwa sauti, lakini menyu zake hazikuwa na sauti.

Aprili 2010 iPad iliingia sokoni ikiwa na skrini ya inchi hizohizo 9.7, kwa bei ya kuanzia dola 499. Tofauti ya dola 10 ilimpa mnunuzi rangi, video na intaneti, na kwa miaka kadhaa visomaji vikubwa vikabaki bidhaa ya wachache. Sony DPT-S1 ya inchi 13.3 iliuzwa dola 1,100 mwaka 2014. Vilirudi kwa nguvu kama vifaa vya kuandikia kwa kalamu: reMarkable ya Norwei mwaka 2017, Kobo Elipsa mwaka 2021 na Kindle Scribe mwaka 2022. Onyx Boox za China zinatumia Android, hivyo zinapokea programu zilezile za tableti.

Skrini

Wino wa kielektroniki ni chembe nyeusi na nyeupe zilizofungwa ndani ya vidonge vidogo mno. Umeme huzipandisha au kuzishusha, kisha chembe hubaki zilipo bila kuhitaji umeme tena. Ndiyo maana betri hutumika hasa ukurasa unapogeuzwa, na chaji moja huweza kufika wiki kadhaa. Skrini ya tableti huwaka wakati wote inapotumika, na chaji yake huhesabiwa kwa saa, mara nyingi karibu 10.

Wino huu hauna mwanga wake: huakisi mwanga wa nje kama karatasi ifanyavyo. Saa sita mchana, kwenye uwanja wa shule, kisomaji husomeka vizuri zaidi kadiri jua linavyowaka, ilhali kioo cha tableti humwonesha msomaji uso wake mwenyewe na mawingu. Jioni mambo hugeuka. Masereka iko karibu na Ikweta, na giza huingia karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima. Kisomaji kisicho na taa, kama reMarkable 2 ya mwaka 2020, kinahitaji taa ya sola pembeni. Kindle Scribe ya mwaka 2022 na Elipsa zina taa ndogo zinazomulika skrini kutoka kwenye kingo zake.

Udhaifu wa wino huu ni mwendo na rangi. Kurasa hugeuka polepole, na video haifai. Ramani au mchoro wa mwili wa binadamu ambao maana yake iko katika rangi hubaki kijivu kwenye skrini nyingi. Skrini za wino wa rangi zipo, lakini rangi zake ni hafifu kuliko za tableti.

Ukurasa wa A4

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Silabusi ya chuo, yaani maelezo ya kozi ambayo mwanafunzi wa Kongo huyatumia kusomea, huandaliwa kwa ukubwa wa A4: milimita 210 kwa 297, mara nyingi kwa herufi za pointi 12. Faili ya EPUB hujipanga upya kulingana na skrini, lakini PDF hushika umbo lake na kupungua nzima nzima.

Ukurasa huo ukioneshwa wote kwenye skrini ya inchi 6, herufi hushuka hadi takribani pointi 5. Kwenye tableti ya inchi 8 zinakuwa 6. Kwenye tableti ndefu ya inchi 10.1, karibu 8. Kwenye kisomaji cha inchi 10.3, karibu 8 na nusu. Na kwenye cha inchi 13.3, karibu 11. Kisomaji kinaishinda tableti ya inchi zinazokaribiana kwa sababu ya umbo: skrini ya tableti nyingi hurefushwa kwa ajili ya video, ilhali ya kisomaji ni ya 3 kwa 4, karibu zaidi na karatasi.

Dawa rahisi ni kukata pambizo. Silabusi yenye pambizo za sentimita 2.5 kila upande ina maandishi yenye upana wa milimita 160, na skrini ya inchi 10.3 ina takribani 157. Pambizo zikiondolewa, ukurasa mzima husomeka kwa herufi za pointi 10 hivi. Ukisomwa nusu kwa nusu, herufi hurudi karibu na ukubwa wake halisi.

Programu

Kwenye tableti ya Android, Moon+ Reader na ReadEra hufungua EPUB na PDF, na Xodo hutumika kuandika juu ya PDF. KOReader, programu huria ya bure, hukata pambizo na hata kuvunja mistari ya ukurasa uliopigwa picha na kuipanga upya. Huwekwa kwenye Android na pia kwenye visomaji vya Kobo na PocketBook. Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, huweka Wikipedia nzima kwenye kadi ya memori ili isomwe bila kununua mega za intaneti. Visomaji vilivyofungwa, kama Kindle, havipokei programu kutoka duka la Android.

Tableti ina faida nyingine: humsomea kwa sauti mtu asiyeona, na menyu zake pia huzungumza. Ubaya wake ni kwamba ujumbe wa WhatsApp huingia katikati ya ukurasa.

Bei, uimara na matumizi ya pamoja

Kindle Scribe ilipotoka iliuzwa kuanzia dola 339.99, na hiyo ni bei ya Marekani kabla ya usafiri. Tableti za kawaida hupatikana kwa bei ya chini zaidi, hata zilizokwisha kutumiwa. Skrini kubwa ya wino iliyojengwa juu ya kioo chembamba ikipasuka, kifaa huwa kimekwisha, kwa kuwa kipuri chake ni ghali na adimu. Skrini ya tableti inayouzwa kwa wingi ni rahisi zaidi kwa fundi wa simu kuitafuta.

Kwa taasisi, tableti ina faida ya kutumika kwa kazi zaidi ya moja. Nchini Tanzania, vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baadaye. Kifaa kimoja kiliweza kuwa dodoso kwanza na kitabu baadaye, jambo ambalo kisomaji kisingeliweza.

Uchaguzi

Anayesoma PDF za A4 kwa saa nyingi, mchana, na kuchajisha kwa sola hufaidika na kisomaji cha inchi 10.3 au zaidi chenye taa. Anayehitaji rangi, sauti, video au kifaa cha kutumiwa na watu wengi hufaidika na tableti ya inchi 10. Kisomaji cha inchi 6 kinafaa riwaya za EPUB, si silabusi.

Mshindani wa tatu ni fotokopi ya sekretaria, yaani duka la kuchapa na kunakili karatasi. Kurasa zake ni A4 kamili, hazichajishwi, hazina neno la siri, na zikianguka hazipasuki. Mwanafunzi mwenye silabusi moja kwa mwaka hana sababu ya kuiacha. Mwenye silabusi kumi za kubeba kila siku kutoka Masereka hadi Butembo ndiye anayepaswa kuanza kupiga hesabu ya inchi.