Kamio ya kwanza kwa kazi ya kukata miti: nini cha kuangalia kabla ya kulipa

Hapa Kolwezi, kila mwisho wa kiangazi upepo unaanza kuvuma, mvua za kwanza zinafika, na watu wanaanza kutazama juu. Miembe na mivokado iliyopandwa zamani katika makambi ya Union Minière na kisha Gécamines imekuwa mikubwa kupita nyumba. Mikaliptus inainama juu ya mabati, matawi yanagusa nyaya za SNEL. Mama wa parseli anauliza: "Nani anaweza kunitolea hii muti mbele iangukie watoto?"

Kazi iko. Njo maana vijana wengi, wengine wametoka katika mashimo ya migodi, wananunua tronsoneze, kamba na kofia, wanaanza. Lakini kukata ni nusu ya kazi. Mteja analipa vizuri pale parseli inabaki safi, na ili kuondoa magogo na matawi unahitaji gari. Hapo njo feza ya likelemba, ya mashamba au ya miaka mingi ya akiba inaweza kupotea kwa siku moja.

Tuseme wazi tangu mwanzo: kamio nzuri ya kwanza si ile kubwa wala ile mpya ya rangi. Ni ile inayobeba mzigo wako bila kuvunjika, yenye piesi zake ziko hapa Kolwezi ao Lubumbashi, yenye makaratasi ya kweli, na inayokuachia feza kidogo mfukoni kisha kuinunua. Kamio ikilala garaji wiki mbili katika mwezi wa 11, wateja wa msimu wote wamekwenda kwa mwingine.

Jua kwanza uzito wa mti

Watu wengi wanachagua gari kwa macho. Mti mbichi unadanganya macho. Mti uliokatwa leo umejaa maji, na meta kibiki moja ya mkaliptus mbichi iko karibu na tani moja. Chukua gogo lenye upana wa sentimeta 50 na urefu wa meta 3: ni karibu kilo 600. Magogo matano ya namna hiyo ni tani 3, na katika beni yataonekana kama mzigo mdogo tu.

Matawi ni kinyume: mepesi, lakini yanajaza beni haraka. Kwa hiyo gari yako inahitaji vitu viwili pamoja: nguvu ya kubeba magogo, na mbao ndefu za pembeni kwa kubeba matawi. Mbao hizo zitolewe kwa urahisi. Siku ya magogo usijaze mpaka juu kwa sababu tu nafasi iko.

Ili kujua gari inaruhusiwa kubeba ngapi, angalia karte roze. Chukua uzito wote unaoruhusiwa gari ikiwa na mzigo, toa uzito wa gari ikiwa tupu. Kinachobaki njo haki yako. Lakini toa tena watu na vyombo: watu wanne ni karibu kilo 280, halafu tronsoneze, mazutu, ngazi, kamba na minyororo. Gari ya "tani mbili" inaweza kubakiwa na tani moja na nusu ya mti.

Aina tatu utakazokuta sokoni

Ya kwanza ni pikapu. Toyota Hilux inapita kila mahali na inabeba watu na vyombo vizuri, lakini uwezo wake ni karibu tani moja ao chini ya hapo. Land Cruiser pikapu ya namna ya 79 ni ngumu zaidi, na ile yenye moteri 1HZ, dizeli ya lita 4.2 bila elektroniki, inajulikana na mekanisie wote wa mkoa. Ubaya wake ni bei, maana kampuni za migodi pia zinaitafuta. Pikapu inafaa kama kazi yako ni kupunguza matawi, si kung'oa miti mizima, ao kama utavuta remorke.

Ya pili ni kamio ndogo ya tani 2 mpaka 4: Mitsubishi Canter, Toyota Dyna, Isuzu Elf, Hino Dutro. Kwa mtu mwenye kuanza kazi hii, mara nyingi hapa njo jibu liko. Inaingia katika avenue nyembamba za Manika, inageuka ndani ya parseli, na siku ambazo hakuna mti inaweza kubeba mchanga, matofali ao mizigo ya sokoni. Tafuta yenye magurudumu mawili mawili nyuma.

Ya tatu ni kamio kubwa, kama Fuso Fighter, Benz ya zamani ao Howo. Inabeba sana, lakini inakunywa mazutu sana, mapine yake ni ya bei kali, na haipiti katika mlango wa parseli. Utabeba magogo kwa mabega mpaka barabarani, na watu wako watachoka mbele ya saa sita. Mtu mwenye kazi moja kwa wiki hawezi kuilisha.

Kama huna bado feza ya hizo zote, moto ya magurudumu matatu inaweza kutoa matawi na kuni zilizokatwa vipande vifupi. Usiwekee gogo zima: gogo likitembea nyuma, moto inapinduka.

Beni: ya kumwanga ao ya kawaida?

Beni ya kumwanga inaokoa saa nyingi. Lakini pompi na chuma chake vinaongeza uzito, vinapunguza mzigo unaoruhusiwa, na ni kitu kingine cha kuharibika. Kama unapata kamio mbili za bei moja, ya kumwanga lakini imechoka, na ya kawaida lakini nzima, chukua ile nzima. Palani ya mkono, mbao mbili ngumu za kuviringishia gogo na minyororo vinatosha kwa mwaka wa kwanza.

Kabina yenye viti vya nyuma ni ya maana kupita watu wanavyofikiri. Watu wa kazi wasikae juu ya magogo. Barabara zetu ziko na mashimo, na mzigo ukiteleza hakuna wa kuushikilia.

Moteri na mazutu

Moteri za zamani zenye pompi ya kawaida, sawa 4D33 ya Canter, zinavumilia zaidi mazutu yenye uchafu. Moteri mpya za elektroniki zinakula kidogo na zina nguvu, lakini maji kidogo ndani ya mazutu yanaweza kuua enjekteri, na si kila garaji iko na mashini ya kusoma kosa. Si kusema mpya ni mbaya. Mbele ya kununua, zunguka garaji tatu za hapa, uliza: "Papa, hii moteri unaitengeneza? Piesi unazitoa wapi, na zinafika kisha siku ngapi?" Kama wote watatu wanasema mpaka itume Dubai, acha.

Chochote utakachochukua, nunua mazutu kwenye stasyo inayouza sana, badilisha filtri kwa wakati, na toa maji chini ya filtri kila wiki.

Voleni ya kuume

Gari nyingi zinatoka Japani na zinapita Dar es Salaam, Zambia, kisha Kasumbalesa. Nyingi ziko na voleni ya kuume, na sisi Kongo tunatembea upande wa kuume wa barabara. Katika barabara ya Likasi mpaka Kolwezi, iliyojaa kamio za shaba na kobalti, shofere anayekaa kuume haoni mbele pale anataka kupita kamio ndefu. Mwenzake aliyekaa kushoto njo anamwambia "pita". Maisha ya watu watano yanakaa juu ya neno hilo moja.

Tena, serikali iko na maagizo juu ya voleni na juu ya miaka ya gari inayoingia inchini. Usimsikilize muuzaji peke yake. Chukua nambari ya shasi na mwaka wa gari, uende kwa DGDA ao kwa deklarani mwenye ruhusa, uulize mbele ya kutuma hata dola moja. Kubadilisha voleni ni kazi ya fundi wa kweli. Ikifanywa vibaya unaweza kupoteza mwelekeo ukiwa na mzigo.

Bei ya kweli si bei ya kwanza

Gari ya bei ndogo Dar es Salaam si ya bei ndogo Kolwezi. Ongeza safari, shofere wa kuileta, dwane, OCC, plaki, barabara ya Kasumbalesa mpaka Lubumbashi, karibu kilometa 90, na nyingine karibu 300 mpaka hapa pamoja na peaji. Kisha weka mapine, batri na kazi ya kwanza ya garaji. Jumlisha yote kwa karatasi. Shauri la wenye kazi ni hili: ukiwa na dola 15.000, usinunue gari ya dola 15.000. Weka sehemu moja ya tatu pembeni.

Na je, unahitaji kununua leo? Fanya hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kamio itakugharimu 15.000 yote pamoja na unataka kurudisha feza ndani ya miaka mitatu: ni 5.000 kwa mwaka. Ongeza 3.000 ya asiransi, mapine na garaji: 8.000. Kama kukodi kamio ya namna hiyo ni dola 80 kwa siku, basi 8.000 ni siku 100 za kukodi. Mazutu na shofere utalipa kwa njia zote mbili. Chini ya siku 100 za kazi kwa mwaka, kukodi kunashinda. Weka bei zako mwenyewe katika hesabu hiyo, na uandike kila siku ya kazi katika kaye kwa miezi sita. Kaye hiyo itakuambia kamio ya ukubwa gani unahitaji.

Siku ya kuangalia gari

Fika asubuhi, moteri ikiwa baridi. Kama muuzaji ameisha kuipasha, rudi kesho. Moshi mweupe usioisha, moshi wa bluu, ao mafuta ya moteri yenye rangi ya maziwa ni alama mbaya. Lala chini, angalia shasi yote: nyufa, kulehemu upya, chuma kilichoongezwa nyuma ya kabina. Linganisha nambari ya shasi na karte roze, namba kwa namba. Angalia majani ya resori, jaribu freni katika mteremko, na omba kuijaribu ikiwa na mzigo. Gari tupu haisemi ukweli. Lipa mekanisie wako mwenyewe aje nawe, si yule wa muuzaji.

Makaratasi ya gari, ya kazi na ya mti

Gari: plaki na karte roze za DGI kwa jina lako, vinyeti, kontroli teknik, asiransi. Tangu sheria ya asiransi ya mwaka 2015, SONAS haiko tena peke yake sokoni. Hakikisha kampuni unayochagua iko na ruhusa ya ARCA. Permi ya shofere iwe ya kamio.

Kazi: Gishe Unik inakupatia RCCM na nambari ya impo. Bila hizo huwezi kufanya kazi na shule kubwa wala kampuni. Sheria ya Februari 2017 juu ya sutretansi inaweka kazi hizo kwa kampuni za Wakongomani, na ARSP njo inasimamia. Ni mlango mzuri kwa kazi ya kusafisha miti karibu na migodi. Lakini kampuni za migodi ziko na masharti yao juu ya gari inayoingia ndani, basi usinunue kamio kwa ajili ya kontra ambayo bado haijatiwa sahihi.

Mti: kisha Kode ya misitu ya mwaka 2002, gogo barabarani linaulizwa limetoka wapi. Tembea na karatasi ya mwenye parseli inayosema mti gani, avenue gani, tarehe gani, na uone huduma ya Mazingira mbele ya kukata na kusafirisha. Usikubali kuchanganya mukula katika mzigo, hata rafiki akiomba: mti huo uko chini ya ulinzi wa CITES tangu 2019, na kamio njo itakamatwa.

Neno la mwisho kwa wanaoanza

Mti unaogusa waya, usiuguse mpaka SNEL imekata umeme na imekuambia hivyo yenyewe. Hakuna kamio inayolipa maisha ya mtu. Na kuni usizitupe: wachoma matofali wananunua kiangazi, watu wa makala pia, na miti myembamba ya mkaliptus inatafutwa kwa ujenzi. Ukipanga vizuri, kamio inalipwa mara mbili: kwa kutoa mti, na kwa kuuza kuni.