Kwa Nini Hadithi za Ajabu Hazizeeki

Wanafunzi wa Nduruma, na ninyi nyote mliokusanyika madarasani chini ya Mlima Meru, karibuni katika somo la historia. Leo tutajiuliza swali moja: kwa nini hadithi za ajabu, zenye mashujaa na nchi zisizo katika ramani, hupendwa miaka na miaka?

Wako wasemao kuwa hizo ni hadithi za watoto. Haya, na tutazame.

Pwani ya kaskazini, huko Pate na Lamu, watu walisimulia habari za shujaa Fumo Liyongo kwa vizazi vingi. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu alizitia katika utenzi. Liyongo hakudhurika kwa silaha yo yote, ila kwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Hilo ndilo ajabu. Lakini linalotuuma ni kwamba aliyemchoma ni mwanawe mwenyewe, aliyedanganywa kwa ahadi za adui. Sindano hiyo hatujaiona, lakini tamaa ya namna hiyo twaijua.

Sasa tuje kwetu. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, alikuwa karani katika serikali ya Waingereza. Mwaka 1951 kilitoka kitabu chake Kusadikika, habari za nchi iliyo angani. Humo mtu aitwaye Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu sheria. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mbali. Waliona mambo mema ya nchi nyingine, wakarudi kuyaeleza, wakatupwa gerezani. Mwisho Karama anashinda.

Mwaka huo huo wa 1951, hapa jirani, Wameru wa Ngare Nanyuki waliondolewa katika ardhi yao ili wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zao zilichomwa moto. Mwaka 1952 mjumbe wao, Kirilo Japhet, alisafiri mpaka New York kudai haki mbele ya Umoja wa Mataifa. Hakurudi na ardhi, lakini dunia ilisikia.

Shaaban Robert hakuwa akieleza kisa cha Wameru. Hata hivyo, Mmeru aliyesoma habari za wajumbe wale hakuhitaji kufafanuliwa. Hapo ndipo penye nguvu ya hadithi za namna hii. Karani wa serikali hawezi kusema wazi kwamba wakubwa wanadhulumu. Lakini nchi iliyo angani haina afisa wa kukasirika. Msomaji hujaza majina mwenyewe.

Utawala wa Waingereza ulikwisha mwaka 1961, na Kusadikika bado chasomwa. Kama kingalitaja gavana fulani, pengine kingalizeeka pamoja naye. Majivuno hazeeki: leo yumo ofisini, kesho yumo katika kamati ya mfereji wa maji, na siku nyingine yumo ndani yetu wenyewe.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Karama alishtakiwa kwa kosa gani?
2. Kwa nini wajumbe walifungwa, na hali walileta habari njema?
3. Wazee wenu husimulia hadithi gani ya ajabu, nayo yasema kweli gani?