Mchanga wa Luama na kutu ya chuma: historia ndogo ya vumbi

Leo siongei juu ya Rumaliza wala namna Kabambare ilianguka Januari 1894, ile mnaijua toka masomo ya msingi. Leo naongea juu ya mchanga.

Toka kompresere zilipoanza kuwa nyingi Kasongo na kwetu Kabambare, kwa kujaza upepo ndani ya pneu na kupaka rangi, kuko vijana ajusta wameongeza kazi ingine. Wanachota mchanga mtoni, wanaukausha juani, wanauchuja, alafu wanaupuliza kwa nguvu ya kompresere juu ya chuma chenye kutu: mlango, tanki, shasi ya motokari. Kazi ya siku mbili kwa brosi inaisha kwa saa moja. Chuma kinatoka cheupe na rangi inakishika vizuri. Yote inafanyika nyuma ya nyumba, watoto wamezunguka wanaangalia, na mwenye kupuliza amefunga kitambaa mdomoni. Mimi nilisoma historia, si mekaniki. Lakini hii kazi ina historia ndefu, na ndani yake kuko makaburi mengi.

Wazee wetu walisugua vitu bila vumbi la mchanga. Neno msasa, lenye watu wa pwani wanaita karatasi ya kusugulia, kwanza lilikuwa jina la mti. Majani yake yanakwaruza sawa ulimi wa paka, na mafundi walisugulia mbao nayo. Mti wenyewe unaota fasi nyingi za Afrika ya joto, Congo ndani. Kazi ya msasa ni ya polepole na ya mkono. Haraka ilikuja na mashine.

Mashine ilitoka Marekani. Mwaka 1870 Benjamin Chew Tilghman wa Philadelphia, mtu aliyekuwa jenerali katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, alipata hati ya uvumbuzi wa kukata na kusugua kwa mchanga unaorushwa na mvuke au upepo. Watu wanasimulia kwamba wazo lilimjia alipoona madirisha yamekwaruzwa na mchanga wa jangwani. Inaweza kuwa kweli au hapana, hadithi za wavumbuzi zinapendaga kupambwa. Kwanza walichora vioo na kuandika juu ya mawe. Kiisha wenye viwanda vya kusubu chuma waliona faida, na mashine ikaingia kila fasi.

Shida haiko ndani ya mashine, iko ndani ya mchanga. Mchanga wa mto, ule wa Luama ukiwa mmoja wao, kwa sehemu kubwa ni kwarzi, jiwe lile gumu jeupe lenye wachimbaji wetu wanalijua kuliko profesa yeyote juu ndani yake ndimo dhahabu inalala. Punje ikiwa nzima haina neno, mtoto anaichezea. Lakini ikigonga chuma kwa kasi inapasuka, na vipande vingine vinakuwa vidogo mpaka jicho haliwezi kuviona. Vumbi lenye unaona linaangukia puani na kooni, unalitema. Lile lenye huoni linashuka mpaka chini kabisa ya pafu na linabaki pale. Mwili unajaribu kulifunika, unatengeneza makovu, na pafu linakauka kidogo kidogo. Ugonjwa unaitwa silikosi. Hauna dawa ya kuuponyesha. Unaweza kutokea kisha miaka kumi au ishirini, lakini kwa wenye kupuliza mchanga unaweza kuja kisha miaka michache tu, na kwa wenye kumeza vumbi jingi sana hata mwaka mmoja unatosha.

Tena mtu asiseme ilikuwa haijulikani. Agosti 1930, Shirika la Kazi la Kimataifa liliita waganga Johannesburg kuongea juu ya silikosi peke yake, sababu migodi ya dhahabu ya Afrika ya Kusini ilikuwa imeishakula mapafu ya watu kwa miaka mingi. Mwaka uleule, katika West Virginia, Marekani, walianza kutoboa mlima wa Hawks Nest kwa kupitisha maji ya umeme. Jiwe lilikuwa karibu kwarzi tupu. Wafanyakazi wengi walikuwa watu weusi waliotoka mbali kutafuta posho, walitoboa bila maji ya kutuliza vumbi, na waliokufa walipita mia nne. Na Ubelgiji, yenye ilitutawala na kutuchimbisha bati na dhahabu Maniema, kwake nyumbani ilikubali silikosi ya wachimba makaa kuwa ugonjwa wa kazi katika miaka ya 1960 tu, siye tukiwa tumeishapata uhuru. Sasa jiulize nani angepima pafu la kibarua wa Namoya.

Uingereza ilichoka mapema zaidi. Mwaka 1949 ilikataza kupuliza mchanga wa kwarzi katika kazi ya kusafisha vyuma vya kusubu. Angalia vizuri walichoamua: hawakusema mfanyakazi ajifunge vizuri zaidi, walisema mchanga utoke kazini. Marekani, taasisi yao ya usalama kazini, NIOSH, iliomba jambo hilohilo mwaka 1974, na mpaka leo mchanga haujakatazwa kule kabisa. Wenye biashara walijibu kwamba kofia na hewa safi zinatosha. Kwa kiwanda kikubwa chenye kufuata sheria, labda. Kwa mtu wa nyuma ya nyumba, hapana.

Uturuki ndiyo ilionyesha. Unajua zile jeans zenye kufifia magotini sawa zimevaliwa miaka kumi, zenye tunazinunua katika mitumba? Nyingi zilipulizwa mchanga. Vijana wa vijiji vya masikini, kama vya mkoa wa Bingöl, walikwenda Istanbul, wakafanya kazi katika vyumba vidogo vilivyofungwa, wengine walilala mulemule. Kufikia mwaka 2005 waganga walikuwa wameanza kuandika juu ya vijana wenye mapafu ya mchimbaji mzee, ambao hawajawahi kuingia shimoni. Mwaka 2009 serikali ilikataza kupuliza jeans kwa mchanga. Mimi hii ndiyo inaniuma zaidi, sababu wale vijana wako sawasawa na wetu: hawana kontra, hawana daktari wa kazi, na wanafurahia mafranga ya haraka.

Sisi tuna vumbi hilo mara mbili. Katika machimbo ya dhahabu ya mashariki, kama Kamituga, kuko wamama wenye kutwanga mawe ya kwarzi ndani ya vinu vya chuma kutwa nzima. Watu wanawaita mama twangaises, kitenzi chetu kimevaa koti la Kifaransa. Lile vumbi lao na la ajusta ni moja. Na silikosi inafungulia kifua kikuu mlango: mwenye nayo anapata kifua kikuu kwa urahisi kuliko mwingine. Mtu anakohoa, anakonda, anapewa dawa za kifua kikuu, anamaliza dawa, pumzi hairudi. Kwa hiyo ukifika kwa munganga, kabla hajauliza, mwambie kazi yako ni nini na umeifanya miaka mingapi.

Sasa vijana wataniuliza tutumie nini. Chuma cha nyumbani, mlango au kitanda, kinatosha brosi ya chuma na msasa uliolowa maji. Najua ni kuchosha. Kama lazima upulize, kuko chupa zilizosagwa na kuchujwa vizuri: kioo kimetoka kwenye mchanga, ndiyo, lakini kiliyeyushwa na kwarzi yake imepoteza umbo lile baya. Kinabaki kukata jicho na ngozi, na vumbi lake bado si la kuvuta. Magunzi ya mahindi yaliyokauka na kusagwa yanatoa rangi na mafuta, kutu nzito hapana, na vumbi lake linaweza kushika moto. Soda ya mikate pia inatumika. Ndiyo ilisafisha lami ndani ya Sanamu ya Uhuru ya New York katika matengenezo yaliyoisha 1986. Lakini haiondoi kutu nzito, na lazima uioshe kabla ya rangi. Jiwe la ganeti na punje za chuma ni nzuri, ila zinatoka mbali na bei yake si ya Kabambare. Yale mabaki meusi ya kuyeyusha shaba ya Lubumbashi usiyapende haraka: kwarzi ni kidogo, lakini yana madini mengine ndani.

Na chochote utakachochagua, rangi ya zamani ya motokari inaweza kuwa na risasi, na hiyo inaruka pamoja na kutu. Kitambaa na kashene ya hospitali havizuii vumbi lenye halionekani. Kofia ya kweli inaletewa hewa safi kwa bomba, na hewa ile isitoke karibu na moshi wa mashine, juu moshi ule unaua upesi kuliko mchanga. Mpira wa kompresere usimwelekee mtu hata kwa mchezo. Watoto na sufuria za mama viwe mbali, upande upepo unakotoka. Nguo za kazi usizikung'ute mlangoni, zilowanishe.

Kijana mmoja wa Kasongo aliniuliza: na ule mchanga nilioisha kukausha, gunia tatu, niutupe? Hapana. Ni mchanga mzuri sana wa beto. Umwagie maji, uchanganye na simenti.